Je, Katiba ya Uganda iizuie Serikali kutumia zaidi ya mapato yake?

MwalimuArua aliuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Ninafundisha uchumi katika shule ya sekondari hapa Arua, na kila mwezi wa Juni wanafunzi wangu wa kidato cha tano husikiliza redioni hotuba ya bajeti inayosomwa Kololo, kisha hunirudia darasani na maswali yao. Mwaka 2025 swali lililonishinda kulijibu vizuri lilitoka kwa msichana ambaye mama yake huuza samaki wakavu wanaotoka Panyimur, ufukweni mwa Ziwa Albert. Alikuwa amesikia kwamba Serikali imepanga kutumia shilingi trilioni 72.4 katika mwaka wa fedha wa 2025/26, na kwamba mapato ya ndani yanayotarajiwa ni kama nusu tu ya kiasi hicho. Akataka kujua ni sheria gani inayoruhusu jambo hilo, kwa sababu mama yake akiagiza magunia mawili huku ana fedha za gunia moja, na akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, wavuvi watamfungia mlango.

Nilimweleza kwamba Ibara ya 159 ya Katiba ya 1995 inairuhusu Serikali kukopa, mradi mkopo uidhinishwe kwa sheria ya Bunge. Nilimweleza pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaitaka Serikali iandae Mkataba wa Uwajibikaji wa Kifedha wa miaka mitano, unaotaja mipaka ya nakisi, yaani pengo la matumizi yanayozidi mapato, na mipaka ya deni. Hapo ndipo jibu langu lilipoanza kuyumba, kwa kuwa mkataba unaoishia mwaka 2025/26 ulilenga nakisi isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa ifikapo mwaka huohuo, ilhali bajeti iliyosomwa ina nakisi inayozidi asilimia 7. Msichana akaniuliza, kwa adabu kabisa, faida ya mkataba wa namna hiyo ni nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiegemea upande wa wale wanaotaka Katiba irekebishwe ili iseme waziwazi kwamba matumizi ya Serikali kwa mwaka hayatazidi mapato yake. Deni la taifa lilikuwa limevuka shilingi trilioni 90 kufikia Juni 2024, na riba peke yake inameza fedha nyingi kuliko zinazotengewa hospitali na vituo vya afya vya nchi nzima. Watoto ninaowafundisha ndio watakaolipa. Ninawaomba wenye ujuzi wa sheria, wa hesabu za Serikali au wa biashara wanieleze kama kifungu cha namna hiyo kingefanya kazi Uganda, na kama hakiwezi kufanya kazi, sababu ni ipi hasa.

Mhasibu_Wilayani alijibu:

Mwalimu, nakupongeza kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Nitajibu kutokana na kazi ninayoifanya, kwa kuwa nadhani wengi hawajui kwamba kifungu unachokitamani tayari kimo katika sheria za Uganda, isipokuwa hakiihusu Serikali Kuu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inazipa wilaya na manispaa haki na wajibu wa kutunga, kupitisha na kutekeleza bajeti zao, kwa sharti kwamba bajeti hizo ziwe na urari, yaani matumizi yasizidi mapato. Mimi nimekuwa mhasibu wa wilaya kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, na sijapata kuona bajeti ya wilaya yetu ikifikishwa barazani ikiwa na nakisi. Zote zimekuwa na urari hadi shilingi ya mwisho.

Sasa niruhusu nieleze urari huo unavyopatikana. Idara huleta mahitaji yao, na jumla yake daima huzidi fedha zilizopo. Ruzuku kutoka Kampala, ambazo ndizo sehemu kubwa mno ya bajeti yetu, hatuwezi kuzibadilisha, maana kiasi chake kimeshatajwa na kila ruzuku imefungwa kwenye kazi yake. Kinachobaki mikononi mwetu ni makisio ya mapato ya wilaya yenyewe: ushuru wa masoko, leseni za biashara, ada za maegesho, kodi ya majengo. Basi usiku wa kuamkia kikao, namba ya ushuru wa soko hupandishwa. Hakuna soko jipya lililofunguliwa na hakuna mchuuzi aliyeongezeka. Namba imepanda kwa sababu upande wa pili wa karatasi ulikuwa mzito. Madiwani hupitisha, sheria imetimizwa, na kufikia mwezi wa Machi tunagundua kwamba tumekusanya sehemu ndogo ya tulichoandika. Tangu kodi ya kichwa iondolewe mwaka 2005, hali hii imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu chanzo kikubwa cha wilaya kilitoweka na sharti la urari likabaki palepale.

Sisemi kwamba sharti hilo ni baya. Limetuzuia kukopa hovyo, na pale tunapokopa sheria inatuwekea kikomo kinachotokana na mapato yetu wenyewe. Lakini halijawahi kutuzuia kuahidi fedha tusizokuwa nazo. Urari unaodaiwa siku ya kupitisha bajeti ni urari wa makisio, na makisio huandikwa na watu walewale wanaotaka bajeti ipite. Kama kifungu chako kingeandikwa kwa maneno uliyotumia, ningetarajia kuona makisio ya Mamlaka ya Mapato yakipanda kila mwezi wa Mei kama ushuru wetu wa soko unavyopanda.

Mstaafu_Entebbe alijibu:

Mwanangu Mwalimu, na wewe Mhasibu, nimesoma maneno yenu kwa makini. Mimi nilikuwa karani wa ngazi ya kati katika wizara, wakati ambapo mambo haya yaliamuliwa kwa machozi, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Kwanza, kuhusu mama wa Panyimur. Mama huyo huchukua mali kauli. Kila mchuuzi huchukua. Wavuvi humpa samaki leo naye hulipa akirudi kutoka sokoni, na hakuna anayemwita mwizi. Kinachomlinda ni kwamba deni lake lina siku ya kulipwa na samaki wana mnunuzi. Kwa hiyo tusiseme kwamba kutumia zaidi ya ulichonacho ni kosa kwa lenyewe. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilijengwa kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Exim ya China, na hakuna mwaka mmoja ambao kodi za Uganda zingeweza kulipia kazi ile yote. Ubaya ni kukopa kwa ajili ya mishahara, semina na magari, kisha kukopa tena ili kulipa riba ya mkopo wa kwanza.

Pili, Uganda iliwahi kuishi chini ya sharti linalokaribia hilo, na haikuhitaji kugusa Katiba. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1987, noti zilipokatwa sifuri mbili na zaidi ya hapo tukatozwa asilimia 30 ya fedha tulizopeleka kubadilisha. Tulidhani tumelipa gharama ya kupona. Lakini mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na kufikia mwaka wa fedha wa 1991/92 misaada iliyotarajiwa ilichelewa huku mapato yakiwa pungufu. Serikali ikaziba pengo kwa kukopa Benki Kuu, maana yake kwa kuchapisha fedha, na katikati ya mwaka 1992 mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 60. Mshahara wangu wa Machi haukununua kilo za sukari nilizozinunua kwa mshahara wa Januari.

Machi 1992 Rais aliunganisha Wizara ya Fedha na ile ya Mipango, na Emmanuel Tumusiime-Mutebile akawa Katibu Mkuu na Katibu wa Hazina. Kilichofuata kiliitwa bajeti ya fedha taslimu. Maana yake ilikuwa nyepesi: matumizi ya mwezi yasizidi fedha zilizokwisha kuingia. Wizara ilikuwa na bajeti iliyopitishwa na Bunge, lakini bajeti ile haikuwa hundi. Kama fedha hazijaingia, hundi haitoki, na mawaziri waliokuja kulalamika waliondoka mikono mitupu. Nilikuwa ninapokea barua zao na kuzipeleka juu, nami nilijua jibu kabla sijafika ngazi ya pili. Katika muda wa mwaka mmoja mfumuko wa bei ulishuka hadi karibu na sifuri. Nakiri kwamba ni jambo la fahari kubwa maishani mwangu kuwa nilikuwamo katika jengo lile, hata kama kazi yangu ilikuwa ya kupanga majalada.

Lakini sitaki mjukuu wa yeyote afundishwe nusu ya habari. Urari ule haukuwa wa Uganda kujitegemea, kwani wafadhili waliendelea kugharimia sehemu kubwa ya miradi ya maendeleo; kilichokatazwa kilikuwa kukimbilia Benki Kuu. Na tena, wizara zilizonyimwa fedha hazikuacha kuagiza. Ziliendelea kuchukua mafuta, chakula cha magereza na cha kambi za jeshi, umeme na maji, bila kulipa. Vitabu vya Hazina vilikuwa safi na vitabu vya wafanyabiashara vilikuwa vinavuja damu. Ndiyo maana mwaka 1999 Serikali ililazimika kuanzisha mfumo wa kudhibiti ahadi za malipo, ili afisa asiweze kusaini agizo ambalo halina fedha nyuma yake. Miaka saba ilipita kati ya kudhibiti hundi na kudhibiti ahadi, na katika miaka hiyo saba watu walifilisika.

Mkandarasi_Mbale alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Watu wanafilisika hata sasa.

Nilikarabati majengo ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kazi ikakaguliwa, cheti cha kukamilika kikatolewa, na ankara yangu ikapokelewa kwa muhuri. Huu ni mwaka wa nne. Benki iliyonikopesha fedha za saruji na nondo haikusubiri. Imekuwa ikinitoza riba kila mwezi, na niliuza lori na kiwanja ili nyumba yangu isipigwe mnada. Ninachotaka wachangiaji waelewe ni kwamba mimi ni mkopeshaji wa Serikali ambaye hakuombwa ridhaa na halipwi riba. Deni langu halionekani pale Waziri anaposoma nakisi. Mkipitisha sheria ya kukataza mikopo ya benki na hati fungani bila kunitaja mimi, mtakuwa mmeamua kwamba watu kama mimi ndio tutakaoikopesha Serikali kuanzia sasa.

Wakili_Kampala alijibu:

Nimefuatilia mjadala huu tangu asubuhi na ninaona kwamba hoja ya Mkandarasi ndiyo kiini chake. Nitaongeza upande wa sheria, kwa sababu Mwalimu aliuliza kuhusu kifungu cha Katiba, na nchi nyingine zimeshajaribu kukiandika.

Marekani ilikikaribia sana. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho ya Katiba ya kulazimisha bajeti yenye urari kwa kura 300 dhidi ya 132, na Seneti ikayaangusha kwa upungufu mdogo kabisa wa theluthi mbili inayotakiwa. Mwaka 1997 yakaanguka tena kwa kura moja. Jambo ambalo watetezi wake hawakupenda kulisema ni kwamba bajeti ya Marekani ilipata ziada kuanzia 1998 hadi 2001 bila kifungu hicho, kwa kuwa uchumi ulikuwa unakua na Bunge lilikuwa limekubali kodi na mipaka ya matumizi miaka kadhaa kabla. Karibu majimbo yote ya nchi hiyo yana sharti la urari la namna fulani, lakini jimbo likipigwa na mdororo, Serikali ya Shirikisho ndiyo inayokopa kwa niaba yake. Uganda haina Serikali nyingine juu yake. Mwaka 2020, shughuli zilipofungwa kwa sababu ya korona na mapato yakaanguka, tulikopa dola milioni 491.5 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa katika mwezi wa Mei. Chini ya kifungu cha urari wa kila mwaka, mkopo ule ungekuwa kosa la kikatiba, na njia iliyobaki ingekuwa kukata mishahara ya wauguzi wakati wagonjwa wamejaa.

Kwa hiyo waandishi wenye uangalifu hawadai urari wa kila mwaka. Uswisi, ambako wananchi waliidhinisha breki ya madeni kwa kura ya maoni mwezi wa Desemba 2001 kwa takriban asilimia 85, hupima urari katika mzunguko mzima wa uchumi: miaka mizuri inabeba miaka mibaya. Ujerumani iliandika katika Katiba yake mwaka 2009 kwamba nakisi ya Shirikisho, baada ya kuondoa athari za mzunguko wa uchumi, isizidi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Na Ujerumani, nchi yenye mahakama imara na wahasibu hodari, ilianza kutafuta milango ya nyuma. Serikali ilijaribu kuhamisha kibali cha kukopa euro bilioni 60, kilichotolewa kwa ajili ya korona, na kukipeleka kwenye mfuko wa mabadiliko ya tabianchi. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha hatua hiyo, mgogoro wa bajeti uliofuata ukachangia kuvunjika kwa Serikali ya muungano mwaka uliofuata, na mwezi wa Machi 2025 Katiba yenyewe ikalegezwa.

Ninataja Ujerumani kwa sababu inaonyesha mahali ambapo kifungu hupata nguvu zake: kulikuwa na mtu wa kwenda mahakamani, kulikuwa na mahakama ya kumsikiliza, na Serikali ilitii uamuzi. Sasa tujiulize kwetu. Sheria ya 2015 inasema matumizi ya nyongeza yasizidi asilimia 3 ya bajeti bila idhini ya awali ya Bunge. Lakini fedha ndani ya asilimia hizo 3 zinaweza kutumika kwanza, kisha makadirio ya nyongeza yaletwe Bungeni ndani ya miezi minne. Katika bajeti ya trilioni 72, asilimia 3 ni zaidi ya shilingi trilioni 2. Mkataba wa Uwajibikaji nao una mlango wake, kwani Waziri anaweza kuliomba Bunge limruhusu kuuacha kwa sababu ya maafa au misukosuko ya uchumi isiyotarajiwa. Halafu tuna ahadi ya nje: Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini hapahapa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, inataja nakisi isiyozidi asilimia 3 na deni lisilozidi asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa. Umoja huo ulipangwa uanze 2024. Sasa unatajwa 2031. Hatujakosa mipaka iliyoandikwa, Mwalimu. Tuna mipaka mitatu, na yote mitatu inavukwa bila afisa yeyote kupoteza chochote.

MwalimuArua alijibu:

Ninawashukuru nyote, na hasa Mkandarasi, ambaye maneno yake nitayasoma darasani kwa idhini yake.

Nilikuja hapa nikiwa na kifungu kichwani na sasa sikitaki tena kwa sura ile. Ninachokiona, baada ya kuunganisha alichosema Mzee na alichosema Mhasibu, ni kwamba urari unaopimwa kwa makisio ya Juni hauna maana, na urari unaopimwa kwa hundi zilizotoka una maana nusu tu, kwa sababu unamwacha nje yule aliyekwisha kufanya kazi. Kwa hiyo kama nchi hii itawahi kuandika sharti, ningependa liwe juu ya ahadi. Hesabu ya nakisi ijumuishe kila ankara iliyohakikiwa na kupita siku tisini bila kulipwa. Namba hiyo itolewe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu badala ya Wizara yenyewe. Isomwe Kololo katika hotuba ileile, pamoja na mikopo. Na afisa aliyesaini agizo lisilo na fedha awajibike kwa mali yake. Mikopo ya mabwawa na barabara ibaki inaruhusiwa, kwa masharti ambayo Wakili anaweza kuyaandika vizuri kuliko mimi. Najua kwamba jambo hili halitapunguza deni la trilioni 90 kwa siku moja, lakini litakuwa limefunga mlango ambao kifungu changu cha kwanza kingeufungua zaidi.

Mkandarasi, naomba nikuulize jambo moja ili nisiwadanganye wanafunzi. Je, deni lako limeandikwa mahali popote katika vitabu vya Serikali, au lipo katika jalada lako peke yako?

Mkandarasi_Mbale alijibu:

Limeandikwa, Mwalimu. Wakaguzi walikuja mwaka wa pili, wakapima majengo upya, wakaniomba nakala za vyeti na wakaniandikia barua kwamba deni limehakikiwa na ni halali. Barua hiyo ninayo. Kila Juni tangu wakati huo nimekuwa nikitafuta taasisi ile katika makadirio yaliyopitishwa, nikishuka mstari kwa mstari hadi ukurasa wa mwisho, na nimeona fedha za magari, za safari na za majengo mapya ya taasisi hiyohiyo. Fedha za kulipia majengo ya zamani sijaziona bado. Wasomee wanafunzi hata hilo.